Sina wa Kumtaja

Mambo ninayoyasimulia yalitokea mbali. Nasema hivyo mapema ili mtu asije kunitafuta nyumbani. Yalitokea katika jimbo moja ng'ambo ya bahari kuu, zama za treni za moshi na kofia ndefu nyeusi, wakati babu zetu walikuwa na shughuli zao nyingine. Jina la jimbo hilo nimelisahau kwa makusudi. Watu wake walikuwa watu wema: walilima mahindi, walichemsha chumvi, walimwogopa Mungu siku ya Jumapili na sherifu siku sita zilizobaki. Kwetu mambo ya namna hii hayajapata kutokea, ndiyo maana nimelazimika kuyafuata huko kote.

Gavana wa jimbo hilo alichaguliwa kwa kinywa. Sanduku la kura hawakuwa nalo. Walipoambiwa kwamba ziko nchi ambako mtu huandika jina kwenye karatasi akaikunja, walicheka, wakauliza anaficha nini. Katiba yao ilisema kwamba mwanamume huru hasemi kwa kujificha. Mwanamke haikumtaja, awe huru au asiwe.

Basi siku ya uchaguzi, mbele ya kila mahakama ya wilaya, palijengwa jukwaa la mbao. Kulia aliketi mgombea mmoja au wakala wake, kushoto mwingine, na katikati karani mwenye daftari la safu mbili. Mpiga kura alipanda ngazi, akataja jina lake, kisha akataja jina la mtu anayemtaka, kwa sauti ya kufika hadi kwenye pipa la wiski lililowekwa chini. Aliyetajwa alisimama, akavua kofia, akainama, akasema, "Ahsante, Bwana Fulani. Sitakusahau."

Asiyetajwa hakusema kitu. Alimtazama mpiga kura, akamnong'oneza katibu wake, na katibu akaandika. Huyo naye hakusahau. Wataalamu wa siasa wa jimbo hilo walisifu utaratibu wao kupita wote duniani, kwa kuwa mwananchi akishuka jukwaani alikuwa na hakika ya kukumbukwa na pande zote mbili.

Mwaka ninaousema wagombea walikuwa wawili. Kanali Jedidia alisimama kwa tiketi ya Chama cha Uhuru na Utaratibu, naye Jaji Kornelio kwa tiketi ya Chama cha Utaratibu na Uhuru. Msomaji asidhani walifanana. Kanali aliamini kwamba maskini anapaswa kuvumilia huku akisubiri. Jaji alilipinga jambo hilo maisha yake yote, akifundisha kwamba maskini anapaswa kusubiri huku akivumilia. Watu walikuwa wamevunjana meno kwa ajili ya tofauti hiyo. Kanali alimiliki majiko ya chumvi ng'ambo ya mashariki ya mto, Jaji akamiliki ya magharibi, na wilaya yao, Kisima cha Chumvi, ndipo wote wawili walipokuja kuketi wenyewe siku ya kura, wawaone wafanyakazi wao kwa macho.

Katika wilaya hiyo alikuwako mjane mmoja, Ketura, aliyekuwa akifua na kupiga pasi. Hasa kola. Kola za zama zile hazikushonwa pamoja na shati. Zilivaliwa peke yake, zikatiwa wanga mpaka zikawa ngumu kama ubao, zikamshikia mheshimiwa shingo asiweze kuangalia chini. Hakuna aliyejua kutia wanga kama Ketura. Alizifua kola za Kanali siku ya Jumanne na za Jaji siku ya Alhamisi, na alipoulizwa yuko upande gani alijibu kwamba uchafu wa shingo hauna chama.

Ketura alikuwa na mdogo wake mmoja, Zebedayo. Wazazi walikufa kwa homa yeye akiwa na miaka sita, na Ketura alimlea kwa mikono ile ile iliyojaa alama za pasi ya makaa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, mchemsha chumvi, mtu wa maneno machache. Kiangazi alifanya kazi kwenye majiko ya Kanali na kipupwe kwenye ya Jaji. Kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba kura ile ni yake.

Zebedayo alipanda jukwaani saa nne asubuhi.

"Zebedayo, mchemsha chumvi," alisema.

Karani Naftali, mzee wa miwani aliyekuwa ameandika chaguzi tisa, aliandika jina pembeni. "Unamtaja nani?"

Zebedayo alimtazama Kanali. Akamtazama Jaji. Waliokuwa kwenye pipa wakageuka.

"Sina wa kumtaja," akasema.

"Safu hiyo haipo," Naftali akamwambia.

"Basi niandikie kwamba nimefika."

"Hiyo pia haipo, mwanangu."

Zebedayo aliinama kidogo kuwaaga, akashuka, akarudi kwenye jiko lake. Hakuwa mlevi wala mchochezi. Alikuwa ameulizwa swali, akalijibu kwa ukweli, na kosa hilo katika jimbo lile lilikuwa halijaandikiwa adhabu kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitenda. Makatibu wote wawili waliandika.

Alasiri, wiski ilipokuwa imepungua, ngumi zilizuka penye pipa. Vumbi lilipotulia, mpiga ngoma wa chama cha Kanali alikuwa amelala chini, ameuawa kwa kasia la kukorogea chumvi.

Mashahidi walikuwa themanini. Arobaini wa chama cha Kanali waliapa kwamba muuaji ni wa chama cha Jaji. Arobaini wa chama cha Jaji waliapa kwamba watu wa Kanali ndio waliomuua mpiga ngoma wao wenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akiipiga vibaya. Hakimu alichoka. Alikuwa na safari ya kuwinda. Akauliza kama hakuna mtu yeyote ambaye pande zote mbili zingeweza kukubaliana juu yake, na baada ya kushauriana kwa dakika chache, themanini wote wakamtaja Zebedayo. Kwa mara ya kwanza tangu jimbo liundwe, vyama viwili vilikuwa na kauli moja. Hakimu alitokwa na machozi, akasema huu ndio umoja wa kitaifa tuliokuwa tukiuomba makanisani.

Wenzake Zebedayo walijua kwamba saa ile alikuwa mbele ya jiko, umbali wa nusu saa kwa miguu. Lakini mmoja alikuwa wa Kanali na mwingine wa Jaji, na wote walikuwa na watoto. Ketura alisimama mwenyewe kutoa ushahidi, akaambiwa kwamba mwanamke hutoa ushahidi juu ya nguo. Kesi ilianza saa tatu ikaisha saa tano. Zebedayo alihukumiwa kunyongwa hadharani, mbele ya mahakama, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Aliyeweza kumsamehe ni gavana peke yake.

Gavana aliyekuwa akimaliza muda wake alimjibu Ketura kwa barua nzuri sana. Alisema ameguswa, ila ameshafunga wino wake kwenye masanduku, na kwamba jambo zito kama uhai wa mtu anamwachia mrithi wake.

Zikabaki kura kuhesabiwa.

Kazi hiyo ilifanywa na Bodi ya Kukagua Matokeo, watu watatu waliochaguliwa kwa sababu ya kutosikia vizuri, wasije wakashawishiwa. Bodi ilifuta matokeo ya wilaya moja kwa kuwa yaliandikwa kwa wino wa zambarau. Ilifuta ya nyingine kwa kuwa yaliletwa yamefungwa kwenye gazeti la upinzani, na ilikuwa haijaamua bado upinzani ni nani. Wilaya ya tatu ilifutwa kwa sababu wananchi wake walikuwa wametaja majina kwa furaha iliyotia shaka. Walipomaliza kusafisha, Kanali alikuwa na kura elfu arobaini na moja, mia tatu na kumi na sita. Jaji naye alikuwa na hizo hizo.

Jimbo likasimama. Magavana wawili waliagiza makoti ya kuapishwa. Polisi walipokea amri mbili kila asubuhi na wakatii ile iliyowahi kufika. Kisha kijana mmoja wa Chuo cha Sheria, akipitia daftari la Kisima cha Chumvi, aliona pembeni maneno ya Karani Naftali, ambaye hakuweza kuvumilia kuacha jambo bila kuliandika: *Zebedayo, mchemsha chumvi. Alipanda. Hakutaja.*

Mawakili waliruka kama waliokanyaga kaa la moto. Sheria ilisema kwamba kura huanza mpiga kura anapotaja jina lake na huisha anapotaja jina la mgombea. Zebedayo alikuwa ameanza na hakumaliza. Kura yake, basi, haikuwa imepigwa wala haikuwa imekataliwa. Ilikuwa bado njiani. Na penye sare, kura moja iliyo njiani ni gavana.

Hapo ndipo likaja tatizo. Mtu aliyehukumiwa kifo hana haki ya kupiga kura mpaka asamehewe. Anayesamehe ni gavana. Gavana hapatikani mpaka yeye apige kura. Mahakama Kuu ya majaji saba ilikaa siku nne juu ya fundo hilo, ikila kuku na kuvuta tumbaku kwa fedha ya umma, na siku ya tano ikatoa uamuzi ambao hadi leo hufundishwa huko vyuoni. Ilisema kwamba mhukumiwa hupoteza haki zake adhabu inapotimia. Kabla ya hapo naye yuko njiani, kama kura yake. Basi na aimalize kura kabla adhabu haijammaliza yeye.

Na kwa kuwa kura hupigwa jukwaani mbele ya mahakama, na kunyongwa pia ni jukwaani mbele ya mahakama, Halmashauri ya Wilaya iliomba yote mawili yafanyike Ijumaa moja ili kuokoa mbao.

Kanali Jedidia alikuwa wa kwanza kufika gerezani. Alileta Biblia yenye jina lake juu ya jalada.

"Kijana wangu," alisema, "nitaje, na kalamu yangu itakuwa tayari. Ahadi ni deni."

"Mheshimiwa," Zebedayo akamwuliza, "nani alimuua yule mpiga ngoma?"

Kanali alipunguza sauti. "Watu wa Kornelio. Tena aliyeua namjua kwa jina."

"Kwa hiyo unajua si mimi."

"Nani asiyejua?" Kanali alisema, akashangaa kweli kweli.

Kesho yake alikuja Jaji Kornelio na kikapu cha matufaha na ahadi ile ile. Zebedayo alimwuliza swali lile lile. Jaji alisema ni watu wa Jedidia, na aliyeua anamjua kwa jina. Zebedayo akasema, kwa hiyo unajua si mimi. Jaji akamshika bega kwa upole. "Mwanangu, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya gavana."

Baada ya wageni hao Zebedayo alimwambia Sherifu Amosi, mlinzi wake, kwamba Ijumaa atapanda jukwaani na kusema kama alivyosema mwanzo. Sherifu, ambaye hakuwa mtu mbaya isipokuwa kazini, alikwenda kumweleza Ketura.

Ketura hakulala wala hakulia. Alipiga pasi. Alhamisi alichukua kola za Jaji, akazipeleka mwenyewe, akakataa kumpa mtumishi mpaka amwone mwenye shingo. Jaji Kornelio alimpokea ofisini, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi. Ilikuwa hati ya msamaha. Iliandikwa kwa mkono mzuri, jina la Zebedayo lilikuwamo mara tatu, na mhuri ulikwisha kupigwa. Kilichobaki ni sahihi.

"Wino uko hapa," Jaji alisema, akamwonyesha na wino. "Nitaisaini pale pale jukwaani, mbele ya macho yako. Nakuahidi, Bibi Ketura. Kanali amekuonyesha karatasi?"

Kanali alikuwa hajamwonyesha karatasi. Ketura aliigusa ile hati kwa ncha ya kidole kuona kama wino wake umekauka. Ulikuwa umekauka. Mwanamke yule alikuwa na akili kuliko Bodi nzima ya Kukagua Matokeo, lakini alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mwenye mtu mmoja huamini karatasi.

Akaenda gerezani.

"Utamtaja Jaji," alimwambia mdogo wake.

"Dada, simtaki."

"Hukuambiwa umtake. Umeambiwa umtaje. Ni neno tu, Zebedayo. Ulimi hauna mfupa."

"Watu wote watakuwa wanasikia. Mimi sijui kusema uongo mbele ya watu."

"Nilipokuwa nakwambia nimeshiba nikakupa chakula changu, nilikuwa nasema nini? Na wewe ukala ukanenepa. Uongo mmoja kwa ajili yangu, basi."

Zebedayo alitazama mikono ya dada yake kupitia vyuma. Alikuwa hajawahi kumkatalia kitu, si kwa hofu, ila kwa kuwa hakuona mtu mwingine anayestahili kutiiwa.

"Nikimtaja nitarudi nyumbani?"

"Karatasi nimeiona kwa macho yangu. Nimeigusa."

"Haya, dada," akasema. "Kwa kuwa umesema wewe."

Ijumaa watu walikuja kutoka wilaya sita. Kulikuwa na bendi mbili zilizopiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na maandazi yaliuzwa. Jukwaa lilikuwa lile lile la siku ya uchaguzi, ila safari hii juu yake palisimamishwa nguzo mbili na boriti, na kamba iliyofungwa vizuri pembeni isisumbue taratibu za upigaji kura. Kanali aliketi kulia, Jaji kushoto, shingo zao zimenyooka ndani ya kola nyeupe za Ketura. Majaji saba wa Mahakama Kuu walipewa benchi la mbele. Ketura alisimama chini, karibu na ngazi.

Zebedayo alipanda, mikono imefungwa.

"Zebedayo," alisema. "Mchemsha chumvi."

Karani Naftali alitia kalamu kwenye wino. "Unamtaja nani?"

Bendi ziliacha kupiga. Zebedayo alimtafuta dada yake kwa macho mpaka akampata, naye Ketura akaitikia kwa kichwa kumhimiza.

"Jaji Kornelio," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pipa.

Naftali aliandika. Jaji Kornelio alisimama, akavua kofia, akainama kadiri kola ilivyomruhusu. "Ahsante, Bwana Zebedayo," alisema. "Sitakusahau."

Mzinga ulilia. Jaji Mkuu alipanda akamwapisha hapo hapo, na jimbo likapata gavana baada ya wiki tano. Gavana Kornelio alitia mkono kwenye koti, akaitoa ile hati, akaikunjua juu ya meza ya karani, akaomba kalamu. Nataka msomaji ajue kwamba alikuwa na nia ya kusaini. Watu wote waliokuwapo wanasema hivyo, na mimi naamini, kwa kuwa viongozi wa huko daima walikuwa na nia.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi Kanali Jedidia aliposimama na kukohoa.

"Sitaki kuharibu shughuli," alisema kwa adabu kubwa. "Ila nimekumbuka kifungu cha kumi na nane cha Sheria ya Uchaguzi. *Yeyote atakayempa mpiga kura kitu cha thamani kwa sababu ya kura yake, ametoa rushwa, na kura hiyo ni batili.* Mheshimiwa Gavana alimtembelea mtu huyu gerezani akamwahidi. Mimi pia nilimwahidi, lakini mimi hakunitaja, kwa hiyo mimi ni msafi. Nauliza tu, waheshimiwa majaji. Je, uhai ni kitu cha thamani?"

Kalamu ikainuliwa. Majaji saba walisogeza vichwa, wakanong'onezana kwa robo saa, na Jaji Mkuu akasimama kutoa uamuzi.

"Mahakama hii," alisema, "imeridhika kwamba uhai wa raia Zebedayo ni kitu cha thamani."

Watu walipiga makofi. Tangu jimbo liundwe, haikuwahi kutamkwa na mahakama yoyote kwamba uhai wa mchemsha chumvi una thamani, na wachemsha chumvi waliokuwapo walivua kofia zao kwa heshima. Iliwachukua muda kuelewa. Ikiwa uhai wake una thamani, basi kumsamehe ni kumlipa. Akilipwa, kura ni batili. Kura ikiwa batili, hakuna gavana. Na pasipokuwa na gavana, hakuna wa kusamehe.

Gavana Kornelio aliikunja hati taratibu, akairudisha mfukoni.

"Wananchi," alisema, "mnaniona nimesimama kati ya moyo wangu na kura yenu. Moyo wangu unasema nimsamehe. Lakini mimi ni nani hata niweke moyo wangu mbele ya usafi wa uchaguzi? Uchaguzi wetu hauwezi kuchafuliwa kwa huruma ya mtu mmoja. Bwana Zebedayo ametupa demokrasia. Tusimwaibishe kwa kumlipa."

"Mheshimiwa," Ketura alisema kutoka chini. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Uliniahidi."

Gavana alimtafuta. Kwa kuwa kola haikumruhusu kuinamisha shingo, ilibidi arudi nyuma hatua mbili ndipo amwone.

"Ndiyo, Bibi Ketura," alijibu kwa huzuni. "Ndiyo maana siwezi. Kama nisingekuahidi ningeweza."

"Basi nirudishieni jina," Zebedayo alisema. "Nilisema kwa sababu ya dada. Mzee, lifute. Andika nilivyosema mwanzo."

Karani Naftali alikuwa amevua miwani. "Kura ikiisha haifutwi, mwanangu," alisema. "Ingekuwa bado njiani, tungeweza."

Sherifu Amosi alikuja na kamba. Zebedayo alitazama chini, akasema, "Dada, angalia pembeni." Neno hilo Ketura hakulitii. Aliangalia mpaka mwisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyempeleka, na alijua kwamba mle uwanjani hakuna mwingine atakayekiri kuwa amemwona.

Nilikusudia kuweka mzaha hapa. Nimeutafuta siku mbili, sikuupata. Kijana aliyesema ukweli mara moja alipona kwa wiki tano, na aliposema uongo mara moja, kwa kumtii aliyempenda, alikufa kabla ya wino wa jina alilolitaja kukauka.

Jimbo lilitulia upesi. Kanali Jedidia alikwenda kumpongeza mshindi, wakapeana mikono juu ya ngazi za Ikulu, wapiga picha wa zama zile wakawaambia wasisogee kwa dakika nzima, nao hawakusogea. Kanali akapewa uspika, na majiko ya chumvi ya mashariki na magharibi yakaunganishwa yakawa kampuni moja, ili mchemsha chumvi asihangaike tena kubadili bwana kila msimu. Karani Naftali aliomba kustaafu. Siku ya mwisho aliliacha daftari mezani likiwa na mstari aliochora mwenyewe kwa rula, safu ya tatu, haina kichwa. Karani mpya aliikata kwa wembe.

Sherehe kubwa ya kuapishwa iliwekwa wiki iliyofuata, katika mji mkuu, ili na mabalozi waone. Alhamisi mtumishi wa Gavana alileta kola kwa Ketura kama kawaida, kumi na mbili, pamoja na salamu za pole. Ketura alizipokea. Alizifua kwa maji matatu. Alizianika, akazipiga pasi pande zote mbili, akazikunja, akazifunga kwenye kitambaa safi. Wanga hakutia.

Hakuwa na silaha nyingine. Alifikiri hivi: Gavana asimame mbele ya mabalozi shingo imemlegea, kidevu kimeanguka kifuani, jimbo zima lione alivyo pasipo kushikwa na mikono ya mtu mwingine.

Na ikawa hivyo hivyo. Katikati ya hotuba, kwenye maneno *usafi wa uchaguzi wetu*, kola ya Gavana ililegea kwa jasho, ikaanguka mbele, na kichwa chake, kilichozoea kushikiliwa kwa miaka thelathini, kikaanguka nayo. Alimaliza hotuba akiangalia viatu vyake.

Ketura hakujua kusoma vizuri. Jumatatu alinunua gazeti, akampelekea Naftali amsomee. Mzee alisoma kimya kwanza, kisha akasita.

"Soma," Ketura akamwambia.

"Wanasema," Naftali alisoma, "kwamba mabalozi walishindwa kuzuia machozi. *Gavana Kornelio, katika hotuba yake yote, hakuinua kichwa hata mara moja. Ilikuwa heshima yake ya kimya kwa marehemu Zebedayo, mchemsha chumvi, ambaye, kama alivyoahidi, hajamsahau.*"

Ketura alilichukua gazeti, akalikunja mara nne, akaenda nalo nyumbani. Akalitia chini ya makaa, akawasha pasi. Kesho yake ilikuwa Jumanne, na kola za Spika zilikuwa bado hazijaguswa.